Mistari ya Mbu na Mabwawa ya Chumvi

Rangi ile ilikuwa nyekundu iliyokaribia kuwa nyeusi, kama maji yaliyochemshiwa magome, na ikikushika kidoleni haitoki kwa sabuni wala kwa mchanga. Nilipoanza kazi, neno la kwanza nililokwenda kuuliza lilihusu udhu. Nilimwendea maalim aliyenisomesha tangu alifu, nikamwonyesha kidole gumba changu. Akakikwaruza kwa ukucha.

“Ina mwili?”

“Haina, maalim. Ni rangi tupu.”

“Basi maji yanafika. Mkeo akipaka hina, hasali?” Akakiachia kidole changu akicheka. “Ila usiilambe.”

Kazi yenyewe ilikuwa ya mbu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, na katika nyumba moja ya mawe mjini Bagamoyo alifika mtaalamu aliyesomea ng’ambo habari za wadudu. Alikuwa Mpare, mtu wa milimani, mrefu, mwenye haraka katika kila jambo isipokuwa anapokaa mbele ya darubini. Alitaka msaidizi mwenye macho mazuri na subira. Mimi nilikuwa nasomesha watoto Kurani asubuhi, na watu wakamwambia kwamba mwenye kuweza kukaa na watoto wale ana subira ya kutosha. Yeye nilimwita Daktari, naye akaniita Ustadhi, kwanza kwa mzaha, baadaye kwa mazoea.

Alinieleza kwamba wale mbu wa malaria tunaowaona wote sawa hawako sawa. Wako wanaozaliwa katika maji baridi, yaani maji ya mvua na visima, na wako wanaozaliwa katika maji ya chumvi, pembeni mwa mikoko. Ukiwaweka mkononi hata mama yao hawatambui. Mabawa ni yale yale, miguu ile ile. Tofauti yao Mwenyezi Mungu ameiandika ndani.

Kuifikia tofauti hiyo kulikuwa na adabu zake. Unamtaka mbu jike aliyekunywa damu usiku. Asubuhi utamkuta ametulia ukutani, tumbo limejaa. Unamvuta kwa bomba la kioo lenye kitambaa chepesi mdomoni, usije ukammeza, unamtia katika kikombe chenye pamba mbichi, kisha unangoja. Mayai yake lazima yawe yamefika nusu ya kukua. Ukimpasua mapema hakuna kitu, ukimchelewesha kitu kimekwisha pita. Kwa kawaida wakati wake ulifika alasiri, nami nilijifunza kusali kwanza, kwani kazi ikishaanza haiachwi. Tulivitoa vifuko vya mayai kwa sindano, tukavitia katika mchanganyiko wa spiriti na asidi ya siki, halafu juu ya kioo tukadondosha ile rangi. Tukafunika kwa kioo kingine chembamba kama ngozi ya kitunguu, tukaweka karatasi ya kunyonya maji juu yake, tukakandamiza kwa kidole gumba. Ukikandamiza kwa woga, vitu vinabaki vimesongamana. Ukikandamiza kwa kiburi, kioo kinapasuka.

Siku ya kwanza Daktari aliponipisha kwenye darubini, nilisema “Subhanallah” kwa sauti. Niliona tepe. Zilikuwa ndefu, zimejikunja, na kila moja ina mistari iliyokolea rangi na mistari iliyokataa rangi, mipana na myembamba, kama ukili wa mkeka aliousuka mama yangu kwa miyaa ya rangi na miyaa myeupe. Hizo ndizo kromosomu, akasema, na mistari ile haibadiliki ovyo. Kila sehemu ya utepe ina mistari yake, na bila rangi usingeona kitu ila ukungu.

Ukutani alibandika mchoro mrefu wa mistari hiyo, kila sehemu imepewa namba. Nikauhifadhi kwa njia niliyoijua tangu utotoni, kipande baada ya kipande, narudi nyuma, naunganisha. Mtu aliyehifadhi sura hahitaji kuhesabu aya. Ikirukwa moja, sikio linakataa. Jicho langu nalo likaanza kukataa. Na tofauti ya mbu wa chumvi ilikuwa hiyo hasa: katika utepe mmoja, vipande fulani vimepinduka. Mistari ni ile ile, ila inasomeka kutoka mwisho kwenda mwanzo. Daktari alihakiki kila kioo nilichokisoma, na mwanzoni alinirudisha mara nyingi. Namshukuru kwa kunirudisha.

Basi mwaka mmoja, baada ya masika, homa iliingia katika kijiji kimoja cha pwani upande wa Zinga. Watoto wawili walifariki. Wa pili alikuwa mjukuu wa balozi wa nyumba kumi, mtoto wa binti yake, aliyeanza tu kutamka maneno. Mzee yule alikuwa mtu wa haki, msikiti wa kijiji ulisimama kwa jasho lake. Lakini msiba hutafuta mlango wa kutokea, na mlango alioupata ulikuwa mabwawa ya chumvi.

Mabwawa hayo yalikuwa ya mjane mmoja mzaliwa wa Pangani. Alihamia pale na mumewe, na mumewe alikuwa sahibu wa balozi, hata mzee akawa anamwita mjane shemeji. Mumewe alipokufa, aliendelea peke yake kuingiza maji ya bahari, kuyaacha yakauke, na kukwangua chumvi. Hakuwa na shamba wala mtoto wa kumtazama. Pembeni mwa mabwawa kulibaki vidimbwi, na kila mtu aliona mbu wakiruka pale magharibi. Balozi akapeleka neno wilayani. Bwana Afya akaja, akatazama, akaamuru mabwawa yafukiwe kwa udongo. Alikuwa kijana mwenye nia njema, aliyeona watoto wamekufa na maji yamesimama. Daktari alipopata habari alimwomba angoje mpaka tupime mbu wa kijiji kile. Akakubali kungoja, si sana.

Nilimkuta mjane akikwangua, kanga kaifunga kiunoni, miguu myeupe kwa chumvi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe unayewapasua mbu?”

“Ndiye mimi.”

“Basi wapasue vizuri. Wakishafukia hapa, mimi nitakwangua nini? Uso wangu?”

Alicheka, nami nikashindwa kucheka.

Kwa adabu, tulipeleka taarifa kwamba tutaingia majumbani siku ya pili yake asubuhi kukamata mbu. Tulifika mapema. Tulipokewa vizuri mno, nyumba zimefagiwa, vitanda vimetandikwa, mikeka mipya imetandazwa. Tukapitisha tochi ukuta kwa ukuta, chini ya vitanda, nyuma ya nguo zilizotungikwa. Hakuna mbu. Katika nyumba ya balozi, mahali mtoto alipolala, hakuna hata mmoja. Mwishowe tukaenda kwenye mabanda ya mbuzi nyuma ya nyumba, na huko tukawapata wengi, matumbo yamejaa.

Alasiri tukawatia rangi. Kioo baada ya kioo nikaona vile vipande vilivyopinduka. Mbu wa chumvi. Daktari akatazama baada yangu, akaona vile vile. Tuliona wote wawili kwamba mjane amekwisha.

Kesho yake asubuhi nilikuwa bado nimevaa kanzu niliyokwenda nayo kijijini. Daktari, ambaye mafua yalikuwa yameanza kumwachia pua, alipita nyuma yangu, akasimama, akanusa.

“Ustadhi, mbona unanuka harusi?”

“Ni ubani tu, Daktari. Jana kule majumbani walifukiza.”

“Walifukiza lini?”

“Kabla hatujaingia. Wageni wanakuja, nyumba itaachwaje hivi hivi?”

Akakaa kitini, akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba jua lilichomoza jana magharibi. “Mlizungusha vyetezo vya ubani vyumba vyote?”

“Vyote. Na chini ya vitanda.”

“Nyie watu wa pwani!” akasema. “Mnamkaribisha mgeni na kumfukuza mbu kwa moshi ule ule, halafu mnanishikisha tochi nitafute ukutani!” Akaanza kucheka, akacheka hata akavua miwani. “Kwetu mgeni anapewa maziwa. Na bado ukanyamaza, Ustadhi?”

“Daktari, harufu ile mimi nimezaliwa ndani yake. Ningeisikia vipi?”

Hapo kicheko kikamwisha, akasema neno ambalo mimi pia nilikuwa nalifikia. Mbu tuliowapima ni waliokunywa damu ya mbuzi. Waliokunywa damu ya watu walitolewa nje kwa ubani kabla hatujapiga hodi. Bado hatukujua ni wepi.

Ilinilazimu kurudi kijijini kuomba jambo gumu. Kumwambia mwanamke wa pwani asifagie, asifukize, na akupokee chumbani kabla hajatandika, ni kama kumwomba atoke nje bila kanga. Zaidi ya hayo, nyumba ya balozi ilikuwa ya msiba, na ubani haukukatika pale tangu siku ya mazishi. Mkewe alinisikiliza, kisha akainuka.

“Mwanangu, wewe ni mtu wa chuo. Nyumba aliyotoka maiti unataka inuke uvundo?”

“Usiku mmoja tu, mama.”

“Kwa ajili ya mbu!”

Balozi alikuwa amekaa ukumbini, tasbihi mkononi. Akasema bila kugeuka, “Mwache, mama watoto. Waje.” Kisha akanikazia macho. “Njooni muwakamate. Mkiwakuta ndio wale wa chumvi, sitaki kusikia neno tena. Na shemeji yangu asinililie.”

“Na tukikuta sio, mzee?”

“Watakuwa wa wapi tena?” akasema. Si kwa ukali. Aliuliza kama mtu aliyechoka.

Tulikwenda baada ya sala ya alfajiri, kungali na kiza ndani ya vyumba. Safari hii tuliwakuta. Walikuwa kwenye kuta za udongo, juu ya kitanda cha binti wa balozi, wamenyanyua viuno vyao kama desturi yao, matumbo mekundu. Binti mwenyewe alisimama mlangoni, amejifunika mpaka mdomoni. Alinitazama nikiwavuta mmoja mmoja, na nikaona haya kwa utulivu wa mkono wangu.

Siku hiyo nilisali alasiri nikaomba kwa muda mrefu kuliko kawaida. Sikujua niombe nini. Nikiomba wawe wa chumvi, mjane anaangamia. Nikiomba wasiwe, kuna jambo jingine lingefuata, na nilianza kulihisi. Nikaomba tu nione sawasawa.

Kioo cha kwanza nilikipasua. Daktari akanipa kingine. Cha pili kikatulia, tepe zikajitandaza, rangi ikashika vizuri. Nikafuata utepe kutoka ncha yake, mstari kwa mstari, nikafika mahali panapopinduka. Vipande havikupinduka. Mistari ilisomeka mwanzo kwenda mwisho kama ilivyo ukutani. Cha tatu vivyo hivyo, na kilichofuata, na vya mbu waliotoka nyumba za jirani. Katika kikombe cha nyumba ya balozi hatukukuta hata mbu mmoja wa chumvi.

“Maji baridi,” Daktari akasema. “Sasa yako wapi?”

Nilijua yalipo. Kila aliyepita nyuma ya nyumba ya balozi alijua. Kabla ya masika mzee alimjengea binti yake chumba, na udongo wa kukandikia kuta ukachimbwa uani pale pale, kama watu wanavyofanya, kwa msaada wa kijiji kizima. Mvua zikajaza shimo. Majirani nao walikuwa na mashimo yao, lakini lile ndilo lililokuwa kubwa, tena kwenye jua, hatua chache tu kutoka dirisha la mtoto. Tulikwenda na kijiko cheupe cha kuchotea, tukainua maji. Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinachezacheza humo.

Bwana Afya alifika tulipomwita, tukakutana barazani kwa balozi. Mjane naye alikuja, akakaa pembeni kwenye kigogo. Daktari alikuwa ameleta darubini, ameiweka juu ya meza ya kulia chakula. Alieleza kwa Kiswahili chepesi, na alieleza kwa haki.

“Mbu wa chumvi wapo,” akasema. “Wanauma, na siwezi kuapa kwamba hawaleti homa kabisa. Lakini tuliowakuta wakinywa mbuzi ni hao. Tuliowakuta wamekunywa watu, ndani ya nyumba hizi, ni wa maji baridi. Ukifukia mabwawa ya mama huyu, watoto wataendelea kuugua.”

“Umejuaje?” Bwana Afya akauliza, naye akainamia darubini. Akatazama sana, kisha akakiri kwamba anaona michirizi tu. Daktari akamwekea vioo viwili, kimoja baada ya kingine, akamwonyesha mahali pa kutazama, mpaka akaitikia kwa kichwa. “Nimeona. Kumbe ni kweli.”

“Na hayo maji baridi yako wapi?” akauliza.

Daktari alinitazama mimi, nami nikatazama mkeka. Nilikuwa nimehifadhi kila mstari wa utepe ule, na sikuwa na neno hata moja la kumwambia mzee.

Balozi akainuka. Akaja mezani, akavua kofia yake, akainama kwenye darubini. Hakuna aliyemfundisha. Alikaa pale mpaka tukaanza kusikia kuku uani.

“Huyu ndiye aliyekuwa chumbani?” akaniuliza.

“Ndiye, mzee. Hicho ni kitu kilicho ndani yake.”

“Mwenyezi Mungu amempamba hivi,” akasema polepole, “mdudu.” Akainua uso. “Na maji yake ni lile shimo langu.”

Binti yake alikuwa nyuma ya pazia. Tulisikia pumzi yake.

“Mzee,” nikasema, “tulichimba sote. Mimi sikuwapo, lakini ningekuwapo ningechimba.”

“Nilitaka alale pasipovuja,” akasema.

Mjane akasema kutoka kigogoni. “Shemeji, siku ile ya kuchimba nilikuja na mtungi nikawanywesha. Nikasimama ukingoni pale pale nikasema, Mungu awabariki, shimo zuri. Aliyejua ni nani? Ajali, siku ya mtoto kuondoka, iliandikwa kabla ya shimo.”

Mzee alimgeukia Bwana Afya, akasema kwa sauti ya kibalozi, “Bwana, andika kwamba mabwawa ya shemeji yangu yaachwe. Neno lile nililolipeleka wilayani nimelirudisha.” Kisha akaingia ndani, na hatukumwona tena siku ile.

Nilikhofu atajifungia. Maalim wangu aliniambia nimwache, kwani majonzi nayo yana eda yake. Lakini asubuhi ya siku waliyokubaliana wanakijiji kufukia mashimo, tulimkuta yeye ameshatangulia, jembe mkononi, amesema bismillahi peke yake na ameshaanza. Watu wakaja na mapakacha ya mchanga na vifusi. Tulikuwa tumefika nusu tulipomwona mjane anakuja kutoka upande wa bahari, jembe begani.

Balozi akasimamisha kazi. “Shemeji, rudi. Shimo hili si lako.”

“Na yale mabwawa yalikuwa yako,” akamjibu, “ulipotaka kuyafukia?”

Watu wakashikwa na butwaa, kila mmoja akatazama miguu yake. Kisha mzee akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha mtu aliyepigwa mahali panapomstahili, na ndani yake machozi yakamjia, akayafuta kwa mgongo wa mkono uliojaa udongo, akabaki na doa usoni.

“Niwie radhi, shemeji,” akasema mbele ya wote.

“Radhi ipo. Sogea, umenizibia njia.”

Akasogea. Mjane akaingia kando yake, akaanza kuvuta udongo, na binti wa mzee akatoka nyumbani na pakacha lake akajipanga nyuma yao. Hakuna aliyemzuia. Tuliendelea hivyo mpaka ardhi ikawa sawa, watu wakaikanyagakanyaga kwa miguu, na muadhini, ambaye naye alikuwa amejaa tope mpaka magotini, akatuambia tumngoje anawe kwanza ndipo aadhini.